KUNYOOSHA BATI NA KURUDISHA RANGI YA MOTOKAA NYUMBANI

Wazee walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo yalikusudiwa nyumba za udongo, lakini kwa motokaa ni ya kweli vile vile, na hasa kwa motokaa inayolala karibu na bahari. Katika Chara, ndani ya delta ya Mto Tana, upepo huleta hewa ya chumvi kutoka pwani, udongo mweusi hushika maji siku nyingi baada ya mvua, na katika nchi hiyo ya Tana River miiba ya mathenge imesogea hadi kingo za njia nyingi. Gari likikwaruzwa leo na kuachwa, kutu haitachelewa kuingia.

Nalo gari la mkulima si pambo. Hubeba maembe, mpunga na samaki kwenda Garsen, na usiku wa dhiki hubeba mgonjwa au mama aliyeshikwa na uchungu. Kwa hiyo bati likibonyea, mwenye gari hana budi kuamua: je, alipeleke kwa fundi wa bodi mjini Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, na kuliacha huko siku kadhaa? Au alitengeneze mwenyewe chini ya mwembe? Jibu ni kwamba liko pigo ambalo mtu mwenye subira aweza kulitengeneza nyumbani, na liko ambalo yampasa asiliguse.

KWANZA APIME

Kabla ya kushika nyundo, gari lioshwe vizuri likauke, kisha mwenyewe aliangalie kwa ubavu asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Hapo kila bonde na kila kilima katika bati kitaonekana. Halafu apitishe sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa. Mahali isiposhika pana pati ya zamani, au si chuma. Land Rover zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, mathalani, zilipewa bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Bati la namna hiyo halina kutu nyekundu ya chuma. Na bampa za magari mengi ya siku hizi ni za plastiki.

Pigo likiwa limefika kwenye nguzo za mlango, kwenye chasisi, au mahali mkanda wa usalama unapofungwa, au mlango ukikataa kufunga sawasawa, hiyo si kazi ya nyumbani. Sehemu hizo ndizo zinazomlinda abiria gari likipinduka. Pati na rangi zaweza kuficha udhaifu wake, lakini haziwezi kuuondoa.

Kuhusu mkwaruzo, kipimo ni ukucha. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo umo katika vanishi ya juu tu, nao waweza kuondoka kwa dawa ya kung'arishia. Ukikwama na rangi ya chini ikaonekana, rangi itiwe. Na kama chuma chenyewe kinang'aa, kifunikwe siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa praima kidogo. Sababu yake ni hii: chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, basi huinua rangi iliyo kando yake, maji hupenya chini, na ugonjwa huenea mahali jicho lisipoona.

KUNYOOSHA BATI

Bonde pana lisilo na kunjo aghalabu huweza kusukumwa kwa mkono kutoka ndani, baada ya kuondoa ubao wa mlango. Likikataa, itumiwe nyundo ya mpira, huku kipande cha chuma kizito chenye uso laini kikishikwa upande wa nje. Kazi ianzie kwenye kingo za bonde na kwenda katikati, kwa mapigo mengi madogo.

Kosa la wengi ni kupiga kwa nguvu. Bati lililopigwa sana hutanuka, likawa kubwa kuliko nafasi yake, kisha huingia na kutoka kwa mlio kama mfuniko wa debe. Kulirudisha ni kazi ngumu hata kwa fundi. Ni afadhali bati libaki chini kwa milimita 1 au 2, kwa kuwa bonde hujazwa na pati, bali kilima hakifichiki.

Bampa ya plastiki haitaki nyundo. Humwagiwa maji ya moto sana mpaka ilainike, ikasukumwa kutoka nyuma kwa mkono uliovaa glovu, kisha ikamwagiwa maji baridi ili ishike umbo.

PATI NA MSASA

Rangi iondolewe kwa msasa namba 80 mpaka sentimita 5 hivi kuzunguka pigo, na kutu yote ikwanguliwe hadi chuma kiwe cheupe. Hapa ndipo uaminifu wa kazi unapojaribiwa. Pati iliyopakwa juu ya kutu hupendeza kwa miezi michache, kisha hububujika na kuanguka kipande kizima, na tundu lililo chini yake huwa limekua.

Bati likiisha kufutwa kwa thina na kukauka, pati huchanganywa na dawa yake ya kugandisha: kwa pati kiasi cha limau, dawa kiasi cha punje ya mbaazi. Katika joto la Tana mchanganyiko huo huganda kwa dakika chache, basi uchanganywe kidogo kidogo. Upakwe kwa tabaka nyembamba, na unene wote usizidi milimita 3. Ukikauka, usuguliwe kwa msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha ubao ulionyooka. Usisuguliwe kwa maji, kwa maana pati hunywa maji na kuyaficha ndani. Mwisho mwenye kazi afumbe macho na kupitisha kiganja. Mkono hugundua kasoro ambayo jicho limeipita.

RANGI

Gazeti lililokwisha kusomwa na utepe wa karatasi wenye gundi vyatosha kufunika vioo na sehemu zisizohusika. Praima hupulizwa mara 2 au 3, huachwa ikauke, kisha husuguliwa polepole kwa msasa namba 600. Gari lisilale nje likiwa na praima tupu, maana umande wa usiku hupenya.

Rangi isichaguliwe kwa macho. Kila gari lina namba ya rangi yake katika kibati kilichopigwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Katika magari mengi ya Toyota hufuata herufi C/TR, na 040, kwa mfano, ni nyeupe. Hata hivyo, jua hufifisha rangi ya zamani, basi ijaribiwe kwanza juu ya kipande cha bati.

Wakati mzuri wa kupuliza ni asubuhi, umande ukiisha kukauka na upepo ukiwa haujainua vumbi. Siku ya unyevu mwingi isitumiwe, kwa sababu rangi hupata weupe kama ukungu. Kopo lishikwe umbali wa sentimita 25, mkono uende sawasawa bila kusimama, na kila tabaka iwe nyembamba, ikingojewa dakika 10 hadi 15 kabla ya nyingine. Rangi nene hutiririka kama machozi. Vanishi hufuata kwa njia hiyo hiyo.

Kazi hiyo ifanywe mahali penye hewa, mbali na moto wa jiko na mbali na watoto, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa barakoa ya mafundi wa rangi. Rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha aghalabu zina sumu inayoweza kuleta pumu, basi waachiwe mafundi wenye vifaa kamili. Na thina iliyotumika isimwagwe kwenye mfereji, maana mfereji huenda shambani na mtoni.

LA KUKUMBUKA

Mwisho wa mwaka 2023, na tena mwezi Aprili na Mei 2024, mafuriko yalifunika sehemu za barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu. Gari lililopita katika maji ya matope lioshwe chini, na vitundu vidogo vilivyo chini ya milango vizibuliwe kwa kijiti, ili maji yaliyoingia yapate kutoka. Kazi hiyo ya nusu saa yaweza kumwokoa mtu na kazi ya siku tatu.

Na atakayeamua kubadilisha rangi ya gari zima sharti aijulishe NTSA, ili hati ya gari ilingane na gari lenyewe. Vile vile atakayeuza gari alilolitengeneza amwonyeshe mnunuzi mahali palipopigwa. Mwenye kazi safi hana la kuogopa sumaku ya mwenziwe.