Je, Wajua? Klabu za ndege ndogo na anga ya Kilosa na Mikumi

Abiria wa basi la Iringa akifika Mikumi hutazama kushoto na kulia akitafuta twiga na tembo. Leo safu yetu inakuomba utazame juu. Anga hiyo ina historia ya zaidi ya miaka mia moja, yenye vita, klabu za walowezi, majangili na wahesabu tembo. Funga mkanda, tunapaa.

KABLA YA KLABU

Je, wajua ndege ilifika Dar es Salaam kabla Vita Kuu ya Kwanza haijalipuka? Mwaka 1914 rubani Mjerumani Bruno Büchner aliileta kwa ajili ya maonyesho ya koloni yaliyopangwa kufanyika Agosti. Maonyesho hayakufanyika. Vita vikaanza, ndege ikaingizwa jeshini.

Je, wajua Mafia kilikuwa kituo cha ndege za kivita? Julai 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwani humo hadi delta ya Rufiji, zikawaelekeza wapiga mizinga mahali ilipojificha manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 11 Julai manowari hiyo ikamalizwa. Siku hiyohiyo ndege mojawapo ilitunguliwa, na marubani wake wakaokoka.

Je, wajua Kilosa ilitekwa siku nne kabla ya Morogoro? Majeshi ya Jenerali Van Deventer yaliingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, na Morogoro ikaangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 26. Katika kampeni hiyo Kikosi cha 26 cha ndege, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilipeleleza na kudondosha mabomu. Ndege zao zilikuwa za mbao na kitambaa, vitu viwili visivyopatana na mvua na jua la nchi hii.

Je, wajua Ujerumani ilituma puto kubwa la injini kutoka Ulaya kuja kuwaokoa askari wake huku kwetu? Novemba 1917 chombo hicho, L59, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na shehena ya takribani tani 15 za silaha, dawa na mahitaji mengine. Mpango wa kwanza ulikuwa kushuka Mahenge, kusini mwa Mikumi. Mahenge ilipotekwa, macho yakahamia uwanda wa Wamakonde. Hakikutarajiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, na mifupa yake ingejengewa mnara wa redio. Kilipopita magharibi ya Khartoum kikapokea amri ya kugeuka. Kilirudi Jamboli baada ya saa 95 hewani na takribani kilomita 6,800, bila kutua hata mara moja.

Je, wajua abiria wa ndege ya gazeti la The Times waliishia Tabora? Februari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy iliyokuwa ikitafuta njia ya Cairo hadi Cape ilianguka hapo. Mwezi uliofuata Waafrika Kusini wawili, Van Ryneveld na Brand, wakafika Cape wakiwa katika ndege yao ya tatu. Mbili za kwanza walikuwa wameziharibu njiani.

KLABU YENYEWE

Je, wajua klabu ya ndege ya Afrika Mashariki, Aero Club of East Africa, ilianzishwa Nairobi mwaka 1927? Waanzilishi walikuwa walowezi waliochoka na barabara za matope. Klabu hiyo ingali hai katika Uwanja wa Wilson, na ni miongoni mwa klabu kongwe za ndege barani.

Je, wajua ni ndege gani iliyoziwezesha klabu hizo? Ni de Havilland Moth, iliyoruka mara ya kwanza Uingereza Februari 1925. Ilikuwa na viti viwili, injini moja na mabawa yanayokunjwa. Mwenye shamba aliweza kuikunja na kuiegesha bandani kando ya trekta lake.

Je, wajua mmoja wa walimu wa kwanza wa urubani Kenya alikuwa mwanamke? Maia Carberry alikuwa akifundisha wengine Nairobi alipofariki mwaka 1928. Ndege ilianguka akiwa na mwanafunzi wake, na wote wawili wakapoteza maisha.

Je, wajua jina la Uwanja wa Wilson ni la mama mmoja mjane? Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, rubani wake wa kwanza akiwa Tom Campbell Black. Kampuni ilikoma Vita Kuu ya Pili ilipoanza, lakini mwaka 1962 uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ukapewa jina lake.

Je, wajua Campbell Black huyohuyo alishinda mbio za ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, mwaka 1934? Alirusha ndege pamoja na C. W. A. Scott. Miaka miwili baadaye Campbell Black aliuawa katika ajali ya uwanjani Liverpool.

Je, wajua mwanafunzi wake naye aliweka rekodi? Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alipaa Uingereza jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 akiwa peke yake. Baada ya zaidi ya saa 20 mafuta yalikatika, akatua kwa pua ndani ya tope la Nova Scotia, Kanada. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Je, wajua katika ajali maarufu ya Voi, Kenya, walikufa watu wawili, si mmoja? Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa ameanza kutumia ndege kutafuta makundi ya tembo, alianguka mara tu baada ya kupaa. Alikuwa na mtumishi wake, Mkikuyu aitwaye Kamau. Finch Hatton ameandikiwa vitabu na kuchezewa filamu. Kamau tumeachiwa jina moja tu. Kumbukumbu za klabu za wakati ule ndivyo zilivyo: waliobeba mafuta, waliofyeka viwanja na waliosukuma ndege kutoka topeni hawakuandikwa.

Je, wajua mwandishi wa hadithi za watoto Roald Dahl alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, Dar es Salaam? Vita vilipoanza mwaka 1939 aliendesha gari hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga na kujifunza kurusha Tiger Moth, ndugu mdogo wa Moth ya klabu.

TANGANYIKA YAINGIA HEWANI

Je, wajua mwaka 1932 ungeweza kupanda ndege Dodoma ukashukia Cape Town? Shirika la Imperial Airways lilipofungua njia yake hadi kusini, vituo vya Tanganyika vilikuwa Moshi, Dodoma na Mbeya. Kilosa, iliyokuwa na stesheni ya Reli ya Kati tangu enzi ya Mjerumani, ilibaki mji wa treni na mkonge.

Je, wajua herufi za kwanza ubavuni mwa ndege hutaja nchi yake? Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X. Wakati wa ukoloni Tanganyika ilikuwa VR-T na Zanzibar VP-Z.

Je, wajua ndege ilichangia balaa la karanga la Kongwa, ng'ambo ya milima ya Kilosa? Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield uliikagua Tanganyika kwa sehemu kubwa ukiwa hewani, kisha ukapendekeza mashamba makubwa ya karanga. Kutoka juu nchi ilionekana tambarare na tupu. Ugumu wa udongo wakati wa kiangazi na uchache wa mvua havikuonekana dirishani. Mwaka 1951 mradi ulitelekezwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza.

Je, wajua East African Airways ilianza mwaka 1946 na ndege sita tu aina ya Dragon Rapide? Ilivunjika mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipokufa. Air Tanzania ikazaliwa mwaka huohuo.

Je, wajua Jumuiya hiyo iliacha chuo cha urubani? Mwaka 1971 kilifunguliwa Soroti, Uganda, ili vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wasome urubani na ufundi wa ndege bila kupitia klabu ya mtu. Kwa Mwafrika asiye na shamba wala fedha, huo ndio mlango uliofunguka kweli.

Je, wajua Mkoa wa Morogoro una kambi ya ndege za kivita? Ni Ngerengere, ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

MIKUMI KUTOKA JUU

Je, wajua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na sasa ina kilomita za mraba 3,230? Barabara kuu ya Iringa na Zambia huikata kwa takribani kilomita 50. Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 280 kwa barabara. Ndege ndogo huruka safari hiyo kwa muda usiozidi saa moja.

Je, wajua kwa nini rubani anaweza kukipita kiwanja cha hifadhini kwa chini bila kutua? Anawafukuza swala, pundamilia au nyumbu waliojipumzisha njiani. Huzunguka, huangalia kifuko cha upepo, kisha ndipo hushuka.

Je, wajua safari za asubuhi ndizo tulivu zaidi? Jua likipanda, ardhi ya bonde la Mkata hupata moto, hewa hupanda na kuitikisa ndege. Tena hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi kupaa. Na hapa kuna milima pande tatu: Uluguru, Udzungwa na Rubeho. Mawingu yakishuka, rubani mwenye busara hugeuka.

Je, wajua tembo huhesabiwaje? Ndege huruka kwa mistari iliyonyooka, takribani mita 100 juu ya ardhi. Fimbo zilizofungwa kwenye nguzo za mabawa huweka mipaka ya ukanda, na watazamaji wawili viti vya nyuma huhesabu wanyama walio ndani ya mipaka hiyo tu. Kutokana na sampuli hiyo wataalamu hukadiria jumla.

Je, wajua hesabu hiyo ilifichua nini? Mwaka 1976 mfumo wa ikolojia wa Pori la Akiba la Selous na Mikumi ulikadiriwa kuwa na tembo 109,419. Mwaka 2009 walikuwa 38,975. Oktoba 2013 wakabaki 13,084. Ni takwimu zilizopatikana kwa ndege ndogo ndizo zilizoiamsha nchi kuhusu ujangili. Mwaka 1931 ndege ilitafuta tembo ili wawindwe. Sasa inawatafuta ili walindwe.

Je, wajua kazi hiyo imegharimu maisha? Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, Mjerumani mwenye umri wa miaka 24, aligongana na tai akiwa ndani ya ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na filamu yao ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 1960. Januari 2016 rubani wa helikopta Roger Gower alipigwa risasi na majangili huko Maswa akafariki.

Je, wajua AMREF, maarufu kwa madaktari wa ndege, ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees? Wazo lilikomaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyumbani kwa Wood, ambaye mwenyewe alikuwa rubani.

UKITAKA KURUKA WEWE

Je, wajua kwa viwango vya kimataifa unaweza kupata leseni ya rubani binafsi ukiwa na miaka 17? Unatakiwa kuwa na saa 40 za kuruka, au 35 katika chuo kilichoidhinishwa. Kati ya hizo, 10 uwe peke yako, pamoja na safari moja ya angalau kilomita 270 ukitua viwanja viwili tofauti. Lazima pia upimwe afya na daktari wa anga.

Je, wajua rubani wa biashara huhitaji saa 200, au 150 chuoni, na leseni ya juu kabisa, ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500? Haba na haba hujaza kibaba.

Je, wajua namba kubwa zilizochorwa mwanzoni mwa njia ya kurukia zina maana gani? Ni mwelekeo wa dira uliofupishwa. 09 ni mashariki, 27 ni magharibi.

Je, wajua ndege inayotumika sana kufundishia, Cessna 172, imetengenezwa zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950? Marubani wawili wa Marekani waliikalia moja hewani siku 64 bila kutua, kati ya Desemba 1958 na Februari 1959. Mafuta walivutiwa kwa mpira kutoka kwenye lori lililokuwa likikimbia chini yao.

Majina mengi katika safu hii ni ya wageni, kwa kuwa hao ndio waliokuwa na ndege na kalamu. Sasa ndege zetu zina 5H ubavuni. Kijana wa Kilosa, Kimamba, Mikumi au Ruaha, kaza hisabati, fizikia, jiografia na Kiingereza. Na kabla mzazi hajalipa ada ya chuo chochote cha urubani, aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kama chuo hicho kimeidhinishwa.