Mafuta ya Breki Huzeeka Hata Gari Likiwa Limeegeshwa

Gari dogo kama Vitz au IST linaloishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa linaweza kukaa miaka mingi breki zake zisilalamike. Barabara ni tambarare, foleni haziruhusu mwendo, na kila ukikanyaga pedeli gari linasimama. Shida hujitokeza siku gari hilo hilo linapokwenda Lushoto. Kutoka huko hadi Mombo, barabara inashuka karibu mita 1,000 kwa kona zisizokwisha, na dereva asiyezoea milima huikalia breki njia nzima. Hapo ndipo wengine hukanyaga pedeli wakahisi mguu unazama, hauna kinachoupinga.

Sababu mara nyingi ni maji. Mafuta ya breki ya magari yetu si oili. Ni kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo kwa asili yake huvuta unyevunyevu wa hewani. Unyevu huo hupenya taratibu kwenye kifuniko cha kikopo chake na hata kwenye mipira inayopeleka mafuta magurudumuni. Gari halihitaji kutembea ili hayo yatokee, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi.

Kazi ya mafuta haya ni kuhamisha nguvu ya mguu wako hadi kwenye magurudumu, na yanaiweza kwa sababu kimiminika hakisinyai kikibanwa. Mvuke husinyaa. Kwa hiyo mafuta yakichemka, nguvu ya mguu huishia kubana mapovu badala ya kubana pedi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Joto la diski kwenye mteremko mrefu linaweza kuvifikia viwango hivyo vya chini, na kinachonitia hofu zaidi ni kwamba hakibaki kitu cha kuonyesha. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedeli inakuwa ngumu kama kawaida, fundi anakagua na kusema breki ziko salama.

Ndiyo maana ukaguzi wa kuangalia kikopo tu hautoshi. Usawa wa mafuta kati ya alama ya MIN na MAX unakueleza mambo mawili: kama kuna uvujaji, na kama pedi zimelika. Pedi zikilika, pistoni husogea nje na mafuta hushuka kidogo kuzifuata, jambo ambalo ni la kawaida. Lakini yakishuka upesi, tafuta panapovuja: nyuma ya magurudumu, kwenye maungio ya mabomba, chini ya masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedeli. Kuongezea bila kutafuta sababu ni kuuficha ugonjwa. Rangi nayo inasaidia kiasi. Yaliyo mapya ni meupe au ya njano hafifu, na yakifika kuwa kama chai ya rangi, yatoe. Ila mafuta yanaweza kuonekana masafi huku yamejaa maji, kwa hiyo tarehe ya mara ya mwisho kubadilisha ina uzito kuliko rangi. Miaka 2 ni kipimo kizuri, hasa kwa anayeishi pwani. Kama gari ulilinunua limetumika na hujui historia yake, anza upya.

Soma kifuniko cha kikopo kujua kama gari linataka DOT 3 au DOT 4, kisha nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Lita moja inatosha gari dogo. Usikubali kabisa kuwekewa oili ya injini au ya hidroliki: huvimbisha mipira ya ndani, na mfumo mzima unaweza kuhitaji kufumuliwa.

Kazi yenyewe inataka watu wawili na subira. Mafuta ya zamani yaliyo kwenye kikopo yanyonywe kwa bomba la sindano, mapya yajazwe, kisha uanzie gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia huwa ni la nyuma kushoto, labda kitabu cha gari kiseme vingine. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwenzake analegeza nati ya kutolea upepo kwa spana ya ringi, mafuta yanatoka kwa mpira hadi kwenye chupa. Nati ikazwe kwanza, ndipo mguu uachiwe. Mpangilio huo ukikosewa, hewa inaingia. Rudia mpaka yatoke masafi bila mapovu, na kikopo kisikauke hata mara moja. Kwenye gari la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedeli: ikigonga sakafu, mipira ya masta silinda hupita sehemu yenye kutu isiyofikiwa kila siku na kuchanika. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji mengi papo hapo, kwani yanababua rangi. Gari lenye ABS lililoingiwa hewa ndani ya pampu yake huenda likahitaji mashine ya uchunguzi, na hilo ni la karakana.

Kabla ya kutoka barabarani, washa injini, ukanyage pedeli na kuishikilia kwa nusu dakika. Inapaswa kubaki ngumu pale ilipo. Ikishuka polepole na hakuna panapovuja nje, masta silinda ndiyo inayopitisha mafuta kwa ndani. Hiyo haiponi kwa mafuta mapya. Itengenezwe au ibadilishwe kabla gari halijatembea.