KONGOSHO: KUTOBOA BILA KUPASUA TUMBO



Kila siku hapa Keshero tunaona chukudu zikipita na makala na viazi, na sisi wenyewe tunapenda kuzipanda. Lakini mtu akianguka, mshikio wa chukudu ao wa kinga ukamupiga tumboni, ndani kunatokea nini?

Nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya mfupa wa mgongo, kuna kongosho, ndiyo pankreasi ya somo la biolojia. Urefu wake ni karibu sentimeta 15. Inatoa maji ya kuyeyusha chakula, tena inatoa insulini inayoongoza sukari ya damu. Pigo likiisonga juu ya mfupa, inaweza kupasuka. Maji yake yanavuja na kukusanyika kama ndani ya mfuko. Inje pengine hatuoni kitu. Majuma yakipita, mgonjwa anaumwa, anatapika, tumbo linavimba. Pombe nyingi na vijiwe vya nyongo vinaweza pia kuleta mfuko huo.

Zamani munganga alipashwa kupasua tumbo. Leo ekografia inamusaidia. Mashini inatuma sauti isiyosikiwa na masikio yetu. Sauti inagonga nyama na maji ya ndani, inarudi, na mashini inachora picha. Ni kama kuita mbele ya mlima na kungojea sauti irudi. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza kazi hiyo mwaka 1958. Hewa ya matumbo inazuia sauti, ndiyo sababu mgonjwa anaambiwa asikule mbele ya kupimwa.

Sasa kutoboa. Wanatia dawa ya ganzi. Munganga anaangalia picha huku sindano ikiingia, akiepuka mishipa ya damu na matumbo. Anapitisha waya mwembamba, anatoa sindano, kisha juu ya waya anaingiza mpira mdogo. Maji yanatoka pole pole kwa siku nyingi. Kidonda ni kidogo, lakini hatari iko: damu kuvuja ao mikrobe kuingia. Tena si kila mfuko unatobolewa. Mingi inakauka yenyewe, na mara nyingi wanangoja majuma 4 ao zaidi ili ukuta wake ukomae.

Basi, wenzetu, tunajua ginsi tunavyoficha maumivu kwa kuogopa kugombezwa. Aliyepigwa tumboni, akiendelea kuumwa ao kutapika, aambie mzazi ao mwalimu siku ile ile, apelekwe hospitali. Kule aseme wazi alipigwa na nini. Mashini inaonyesha maji. Lakini kwamba tulianguka, tunapashwa kusema sisi wenyewe.