Bamvua Haingoji Mkwanja

Wasee, leo hapa Gazi, Kwale, maji yanakupwa saa nne asubuhi. Saa moja unusu mimi niko mlangoni na buti za mpira, tepu ya kupimia, chaki na chupa mbili za maji. Nyuma ya ukuta Mama mwenye nyumba ameshaepua mahamri. Ananifungia manne kwa gazeti, ananiambia, "Mbaazi utakula ukirudi, mwanangu." Kuna wakati nilifika mwezi wa pili bila kumlipa kodi.

Nasoma masta, na masta yangu ni mikoko. Ukisema hivyo mtaani wasee wanadhani umepewa likizo ya kulipwa kando ya bahari. Zii. Mwezi una bamvua mbili, moja mwezi ukiandama, nyingine mwezi mpevu. Siku hizo maji hukimbia mbali, ukapata masaa matatu hivi ya kufika hadi kwa mililana, ile miti ya mwisho inayoangalia bahari kuu. Hapo katikati ni maji mafu, na huko nje maji mafu hayakuachii njia. Kalenda yangu haina Jumatatu wala wikendi. Ina bamvua, halafu ina kungoja bamvua.

Tukifika tunafunga kamba, mita kumi kwa kumi, tunaingia ndani. Kila mti unapimwa unene wa shina, kimo cha mita 1.3 kutoka chini. Ila mkoko wenyewe umesimama kwa mizizi iliyotoka nje kama miguu ya kaa, kwa hivyo hapo unapanda sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho ndio uzungushe tepu. Matope yanakuja hadi magoti, buti inanasa, unaitoa kwa mikono. Buda ninayeingia naye alikata boriti humu ujanani mwake, kabla hajaachana na shoka. Mimi nina kitabu cha picha, yeye ana kidole gumba. Siku ya kwanza alikwangua gome la mkandaa kwa ukucha, akapaka kwenye daftari langu, akasema, "Hii ndiyo rangi waliyokuwa wakitia ngozi." Hilo doa jekundu bado liko, ukurasa wa nne. Mchu, muia, mkomafi, yeye anaitaja akiwa bado hatua ishirini mbali, mimi naandika. Nikisema ni mwalimu wangu namaanisha hivyo kabisa, na ada yake ni ngiri moja kwa siku.

Sasa tuongee ganji, maana hapa ndipo watu wengi wa masta huku Pwani Kusini wanaanguka.

Gava ikitaja mkopo wa masomo, kila mtu anafikiria HELB, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1995. Ule mfumo mpya wa 2023, wa kuwapanga wanafunzi kwa bendi kulingana na uwezo wa nyumbani, ni wa digrii ya kwanza na vyuo vya ufundi. Sisi wa masta tuko nje ya hizo bendi. HELB ina mlango wake wa masta, na kuna Hazina ya Taifa ya Utafiti, NRF, iliyozaliwa na sheria ya 2013, sheria ileile iliyozaa NACOSTI ambako unachukua kibali kabla hujagusa hata jani. Halafu Kwale tuna basari ya kaunti, Elimu ni Sasa, iliyoanza enzi za gavana Mvurya ikaendelea chini ya Achani. Hiyo imetoa watoto wengi Kinango na Lunga Lunga, na mimi siwezi kuibeza. Kuna madogo wangekuwa wanachunga mbuzi saa hii. Lakini mtoto wa sekondari na msee wa masta wakipiga foleni moja, kila mtu anajua nani atangulie, na ni haki atangulie.

Shida yangu ni nyingine. Pesa za masta karibu zote zimepangwa kana kwamba wewe ni mtu mzima mwenye wira na payslipi, una keja yako, una dishi yako, unaongezewa tu nauli ya kwenda kusoma. Wengi wetu hatuna. Tulimaliza digrii, tukakosa kazi, tukaona heri turudi shule kuliko kukaa ocha tukihesabu dari.

Ufadhili nilioupata, siutaji jina, ulikuwa na fomu ya bajeti. Boti: sawa. Msaidizi wa utafiti: sawa. Nauli, vifaa, kuchapisha: sawa. Nikatafuta mstari wa kodi, hakuna. Nikaongeza wangu, "malazi, Gazi, miezi sita." Fomu ikarudi mstari umekatwa, na maelezo kwamba mwanafunzi anatarajiwa kujitegemea kwa makazi. Nikameza. Halafu mkwanja wenyewe ulichelewa, bamvua tatu zikapita. Ukisema wiki sita inaonekana kidogo. Ukisema bamvua tatu, mtu wa huku anashika kichwa. Na simu ilipolia hatimaye kwamba doo imeingia, maji yalikuwa mafu.

Kwa nini nisikae mjini nije Gazi kwa mat siku za kazi tu? Nilijaribu. Nilikuwa na singo Ukunda, upande wa Mvindeni, ngiri sita. Kutoka hapo unapanda mat ya Msambweni, unashuka njia panda ya Gazi, unachukua nduthi hadi kijijini. Asubuhi mat haitoki mpaka ijae, na bahari haijui mat ilikuwa inangoja abiria wawili. Mara mbili nilifika maji yameanza kurudi. Halafu Desemba ikakaribia. Diani ikianza kunukia wageni wa bara, lando naye anapiga hesabu ya vyumba kwa usiku, si kwa mwezi. Wangu aliniambia kwa upole kabisa nihame hadi Januari. Mabeshte wa kampasi ya TUM kule Kwale mjini wana afadhali kidogo, kule juu kuna baridi ya Shimba Hills na vyumba havina bei ya watalii. Wale wa KMTC Msambweni nao wakikosa hosteli wanajibana watatu kwa chumba karibu na hospitali.

Nikashuka Gazi na begi moja. Chifu alisoma kibali, akanielekeza kwa wazee, wazee wakanielekeza kwa Mama. Chumba kimoja, bati juu, neti, kitanda cha kamba, choo nje, ngiri mbili na nusu. Hakuniomba dipoziti. Aliniuliza ninasoma nini, nikasema mikoko, akacheka, akasema, "Nyinyi mmekuja wengi."

Kweli tumekuja wengi. Miaka ya 1970 mikoko mingi ya hapa ilikatwa kuchomea chokaa na matofali, pwani ikabaki wazi. Upandaji ulianza 1991, na aliyekuwa mbele ni mtafiti kijana wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, James Kairo, ambaye baadaye alichukua PhD yake Ubelgiji. Hayo mashamba aliyopanda akiwa bado anasoma ndiyo wanafunzi wa baada yake walipima na kupima tena, tukajua msitu unashika kaboni kiasi gani. Kutoka kwa hesabu hizo, mwaka wa 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanza Mikoko Pamoja: hekta 117, mpango wa miaka ishirini, mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ya kaboni ya mikoko. 2017 wakabeba Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Pesa zake zimeleta maji ya bomba na vitabu shuleni. Mfereji ninaokinga ndoo kila jioni ulitokana na daftari za wanafunzi kama mimi, na nikiukumbuka huo mfereji, uchovu wa matope unapungua.

Lakini geuza hiyo stori uiangalie upande wa Mama. Miaka yote hiyo, wanafunzi walilala wapi? Walilala kwa watu. Walikula mbaazi za nani wakati hela zimekwama Nairobi au majuu? Mimi kwa hizo bamvua tatu nilikula kwake kila siku, na sikuwahi kusikia hata mlango ukifungwa kwa nguvu. Kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu tunaandika wafadhili kwa herufi kubwa. Kwa hesabu yangu, mfadhili wa kwanza wa hii masta ni mwanamke anayekaanga mahamri ya shilingi kumi, na amenikopesha bila riba, bila fomu, bila mdhamini. Hilo linanigusa, na linaniudhi pia. Mtu mwenye kidogo namna hiyo hafai kubeba kazi ya mfuko wa utafiti.

Jioni hiyo doo ilipoingia nilienda kwake na ngiri tano. Alikuwa amekaa kibarazani akipepeta mchele kwa ungo. Hakuhesabu. Alizifunga kwa pembe ya leso, akaniuliza, "Kesho maji saa ngapi?" Nikamwambia bado ni mafu, Mama, mpaka Alhamisi. Akasema basi nimsaidie kukuna nazi.

Awamu ya pili ya ufadhili inafungwa mwisho wa mwezi. Nimekaa kwa mbuzi nikakuna nazi mbili, nikaosha mikono, nikanunua bando la finje, nikafungua fomu. Baada ya mstari wa boti nimeandika upya: kodi ya chumba, Gazi, miezi sita, Ksh 15,000. Chini yake nikaongeza wa pili: chakula, siku za bamvua na siku za maji mafu. Safari hii nimeambatisha risiti, Mama ameisaini mwenyewe.