Iulize Soketi Kabla ya Kulaumu Mtandao

Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa kahawa katika kata ya Keza, wilayani Ngara, kina mizani ya kidijitali iliyounganishwa na kompyuta mpakato. Kila baada ya sekunde 10 mizani inatoa usomaji, na programu inautuma kwenye seva iliyoko Bukoba. Saa nne asubuhi mtandao unakatika. Karani hajui, maana kioo hakibadiliki, kilo zinaonekana na magunia yanaendelea kupita. Kabla ya saa saba mchana programu inaganda. Haipokei kitu, haifungi, haisemi neno. Fundi akipigiwa simu anajibu upesi: "Ni mtandao huo, subirini urudi."

Kituo hicho nimekitunga kwa ajili ya maelezo, ila tabia ya programu yake ni ya kweli, na jibu la fundi ni la kweli zaidi. Mtandao ulikatika saa nne. Kwa nini programu iliganda karibu saa tatu baadaye? Jibu limehifadhiwa ndani ya programu yenyewe, na lingepatikana kwa mistari michache ya msimbo.

Tuchukulie kwamba programu hiyo imejengwa juu ya ZeroMQ, maktaba ya ujumbe ambayo mizizi yake ina mkono wa mtu wa huku kwetu. Pieter Hintjens, aliyeiongoza kupitia kampuni yake ya iMatix, alizaliwa Kongo mwaka 1962 na kukulia Afrika Mashariki kabla ya kuishi Ubelgiji. Msimbo wa mwanzo uliandikwa kwa sehemu kubwa na Martin Sústrik wa Slovakia, kuanzia mwaka 2007. Hintjens alikuwa ametoka kushiriki kubuni itifaki ya AMQP, ambayo kwa kawaida huweka seva ya kati inayopokea ujumbe na kuusambaza. ZeroMQ iliiondoa seva hiyo. Foleni za ujumbe zinakaa ndani ya programu yako, kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako. Hintjens alifariki Oktoba 2016, na maktaba inaendelea kutunzwa na jumuiya yake.

Kwa kuwa foleni ziko ndani ya programu, mambo mengi yanaamuliwa na soketi, yaani ule mlango ambao programu hutumia kutuma na kupokea. Kila soketi ina mipangilio yake: foleni ijae hadi wapi, isubiri kwa muda gani, ijaribu kuunganisha tena baada ya muda gani, ifanye nini inapofungwa. Usipoweka chochote, maktaba inakuwekea. Hapo ndipo watengenezaji wengi wa programu wanapojikwaa, kwa sababu thamani ambazo hukuziweka wewe ndizo usizozikumbuka mambo yanapoharibika.

Kuzisoma kuna kitendo chake, zmq_getsockopt. Katika lugha ya C kinadai vitu vinne: soketi, jina la mpangilio, mahali pa kuwekea jibu, na ukubwa wa mahali hapo. Hicho cha nne ndicho kinachowasumbua watu. Kabla ya kuuliza, unaandika umetenga baiti ngapi; baada ya jibu, maktaba inaandika hapohapo imetumia baiti ngapi. Kikomo cha foleni ni namba nzima ya kawaida, lakini ukubwa wa juu wa ujumbe, ZMQ_MAXMSGSIZE, ni namba ya biti 64. Ukitenga nafasi ya biti 32 kwa ajili yake, unarudishiwa -1 na kosa la EINVAL. Vilevile, programu zilizoandikwa kwa toleo la 2 zilisoma ZMQ_RCVMORE kama namba ya biti 64, na toleo la 3 likaigeuza kuwa namba ya kawaida. Msimbo wa zamani ukihamishwa bila kurekebishwa unaharibika mahali ambapo hakuna aliyepagusa. Anayetumia Python hupumzika na hesabu hizi, anaandika soketi.getsockopt(zmq.SNDHWM) na jibu linakuja.

Sasa turudi Keza tuiulize soketi ya aina ya PUSH iliyoganda, au tuseme tuliiuliza ilipofunguliwa na kuandika majibu kwenye logi.

ZMQ_SNDHWM inajibu 1000. Hicho ndicho kikomo cha foleni ya kutuma kwa kila muunganisho, na ndiyo thamani ya kawaida tangu toleo la 3. Toleo la 2 lilikuwa na 0, maana yake hakuna kikomo kabisa. Piga hesabu. Jumbe 1,000, kila moja baada ya sekunde 10, ni sekunde 10,000, yaani saa 2 na dakika 46. Mtandao ukikatika saa nne kamili, foleni inajaa saa sita na dakika 46. Saa ya ukutani inaweza kutofautiana na hesabu hii, kwa kuwa mfumo wa kompyuta nao huhifadhi data kidogo kabla ya kuituma, na waandishi wa maktaba wenyewe wanatahadharisha kuwa kikomo halisi kinaweza kushuka hadi asilimia 90 chini ya kilichoandikwa. Lakini sababu imeshajulikana.

ZMQ_SNDTIMEO inajibu -1, maana yake subiri bila mwisho. Soketi ya PUSH foleni yake ikijaa haitupi ujumbe; inamsimamisha anayetuma. Kama msimbo wa kutuma na ule wa kuchora kioo iko kwenye uzi mmoja (thread), kioo kimesimama pamoja nao. Ingekuwa soketi ya PUB, programu isingeganda hata kidogo. Ingeendelea kwa furaha huku ikitupa kila ujumbe uliozidi, na mkulima angekuja kugundua siku ya malipo kwamba kilo zake hazipo. Kwangu mimi, kuganda ni afadhali.

ZMQ_LINGER nayo inajibu -1. Karani akijaribu kuifunga programu kwa utaratibu wa kawaida, haifungi, kwa sababu maktaba inasubiri jumbe zilizobaki ziondoke kwanza. Fundi mwenye haraka hubadilisha thamani hii kuwa 0, na programu inafunga papo hapo. Wengi husifu dawa hiyo. Inafunga papo hapo kwa kuwa imezitupa jumbe zote elfu moja.

Swali la nne ningeliweka mbele kwa mtu yeyote anayejenga programu za maeneo ya mpakani. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na karibu na mpaka modemu huweza kuhama kutoka mnara wa Tanzania kwenda wa nchi jirani. Muunganisho wa aina hiyo mara nyingi hufa kimyakimya. Hakuna upande unaopata taarifa. ZMQ_HEARTBEAT_IVL, uliokuja na toleo la 4.2, unajibu 0: hakuna mapigo ya kukagua kama mwenzako yupo. ZMQ_TCP_KEEPALIVE unajibu -1, yaani uamuzi umeachiwa mfumo wa kompyuta. Kwenye Linux, hata ukaguzi huo ukiwashwa, kawaida yake ni kusubiri sekunde 7,200 za ukimya kabla ya kuanza. Saa mbili nzima.

Hata hivyo, majibu ya soketi yana mipaka. Ile 1000 ni ukubwa wa foleni, siyo idadi ya jumbe zilizomo. Ni kama maandishi ya kilo 15 ubavuni mwa mtungi wa gesi: yanakuambia unajaa kiasi gani, hayakuambii gesi iliyobaki. ZeroMQ haina mpangilio wowote wa kusoma idadi ya jumbe zilizo kwenye foleni. Wala hakuna wa kukuambia kama seva ya Bukoba iko hewani. Kwa hilo kuna kitendo kingine, zmq_socket_monitor, kinachotoa taarifa za kuunganishwa na kukatika. ZMQ_EVENTS itakuambia kama unaweza kutuma ujumbe mmoja bila kusimamishwa, lakini ujumbe huo unaweza kuwa unaingia foleni ya kuelekea kwa mtu asiyekuwepo.

Mpaka mwingine ni wa hatari zaidi. Mipangilio mingi huanza kufanya kazi kwa miunganisho itakayofanywa baadaye, siyo iliyopo. Fundi anaunganisha soketi, kisha mstari unaofuata anaweka mapigo ya kila sekunde 30, kisha anasoma ili kuhakikisha. Anajibiwa 30000, kwa kuwa muda huhesabiwa kwa milisekunde. Anaridhika. Muunganisho uliokwisha kufanyika unaendelea bila mapigo. ZMQ_LINGER haumo kwenye sheria hiyo, na tangu toleo la 4.2 vikomo vya foleni navyo vimetolewa, lakini aliyezoea kuweka mipangilio yote kabla ya kuunganisha hahitaji kukariri nani ametolewa.

Tena, usiisome soketi kutoka uzi mwingine ukidhani kutazama hakudhuru. Soketi hizi za kawaida hazikujengwa kutumiwa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja, na kusoma ZMQ_EVENTS huifanya maktaba ishughulikie kazi zilizosubiri ndani yake. Anayesoma anagusa.

Kwa kituo cha Keza ningefanya hivi: kila usomaji uandikwe kwanza kwenye diski, SQLite inatosha, ndipo upelekwe kwenye soketi, na usifutwe mpaka seva ijibu kuwa imepokea. Hakuna mpangilio wa soketi unaookoa foleni iliyo kwenye kumbukumbu umeme ukikatika na betri ikaisha. Muda wa kusubiri kutuma uwe na mwisho, ili karani aone tangazo badala ya kioo kilichoganda. Mapigo yawashwe kabla ya kuunganisha.

Na kabla ya hayo yote, wewe unayeandika programu za namna hii, ongeza mistari mitano tu: mara soketi inapofunguliwa na kuunganishwa, soma kikomo cha foleni, muda wa kusubiri kutuma, muda wa kungoja wakati wa kufunga, mapigo, na anwani kutoka ZMQ_LAST_ENDPOINT, uziandike kwenye logi pamoja na toleo la maktaba. Atakayepokea simu kutoka Keza mwaka ujao huenda asiwe wewe, naye ana haki ya kuzikuta thamani hizo zimeandikwa.