Wazee wa Lubumbashi na odio za WhatsApp

Mtandao wa kijamii ambao wazee wa Lubumbashi, nchini Kongo, wameuzoea kuliko yote ni WhatsApp, na humo wanachotumia zaidi ni odio, yaani ujumbe wa sauti, uliowekwa katika programu hiyo mwaka 2013. Facebook hufunguliwa na wachache, kutazama picha za harusi na za wajukuu walio mbali. TikTok mara nyingi hutazamwa kwenye simu ya mjukuu. Kuandika ni kwa nadra.

Sababu mojawapo ni lugha. Kiswahili cha Lubumbashi, chenye maneno ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa, hukaa mdomoni. Barua za ofisi na ripoti za shule huandikwa kwa Kifaransa. Mama aliyeuza unga sokoni maisha yake yote anajua kupanga hoja na kutoa hesabu, lakini kuandika kunampa shida. Odio inamwondolea mzigo huo: anabonyeza alama ya maikrofoni, anasema, anaachia. Macho yaliyopungua nguvu nayo hayasumbuliwi na herufi ndogo.

Sababu nyingine ni historia ya mji. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ya Union Minière, kampuni iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, posho, shule na hospitali, na familia zikakaa karibu na kazi. Uzalishaji ulipoporomoka, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kuanzia mwaka 2003 katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Watoto wa wengi wametafuta maisha Kolwezi, Kinshasa, Zambia, Afrika Kusini au Ubelgiji. Mstaafu wa mitaa ya Katuba au Ruashi ana ukoo usioweza tena kuketi mahali pamoja, na kundi la WhatsApp ndilo baraza lake.

Baraza hilo huonekana hasa wakati wa kilio. Mtu akifa, picha yake huwekwa kwenye kundi, nyumba ya kilio hutajwa, na michango huanza kuingia kwa Airtel Money au M-Pesa, iliyofika Kongo mwaka 2012. Mjomba aliye Ndola, Zambia, anatoa neno lake kuhusu mazishi, kisha mkubwa wa ukoo anafunga mjadala. Ndivyo ilivyo pia kwa mahari. Hapo pana badiliko ambalo halijasemwa vya kutosha. Zamani neno la mzee lilibaki katika kumbukumbu za waliohudhuria. Sasa linasikilizwa tena, neno kwa neno, na kupelekwa kwa watu ambao hakuwakusudia. Ndugu wakigombania nyumba, odio ya zamani hutolewa kama ushahidi. Ndiyo maana wazee wenye busara mambo mazito huyaacha mpaka watu waonane.

Yote hayo yanadai umeme na mega, yaani data ya intaneti. Mega hununuliwa kidogo kidogo, kwa hiyo video hubaki bila kufunguliwa. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, simu hupelekwa kwa jirani mwenye paneli ya jua. Mkato mbaya zaidi ulitoka serikalini: intaneti ilifungwa nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya siku zipatazo 20.

Wezi nao wameijua WhatsApp. Mwizi hujisajili kwa namba ya mzee, WhatsApp hutuma tarakimu 6 kwa SMS, kisha mwizi hupiga simu akijifanya mtu wa kampuni ya simu na kuziomba. Mzee akizitaja, akaunti imekwenda, na kundi zima huanza kuombwa pesa kwa jina lake. Watoto hutuma upesi, kwa kuwa kumhoji baba ni utovu wa adabu. Kinga ipo: namba ya siri ya pili, inayowekwa katika mipangilio ya akaunti. Mjukuu anaweza kusaidia kuiweka kwa dakika chache, mradi mzee aichague mwenyewe na kuikumbuka. Na ombi la pesa likija kwa maandishi kutoka kwa mzee ambaye siku zote hutuma odio, hiyo ni sababu tosha ya kumpigia simu kabla ya kufungua M-Pesa.