Wapangishie wanafunzi, lakini jua kalenda yao

KATIKA Juja, jirani ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na kule Kahawa Wendani karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, ploti za kukodisha zimeota kama uyoga. Wapo waliotia humo kiinua mgongo chao chote.

Iwapo nawe una ploti ndogo ya aina hii, au unawazia kuijenga, fahamu kwamba mwanafunzi si mpangaji kama karani. Karani hulipwa kila mwisho wa mwezi. Mwanafunzi hutegemea mkopo wa HELB au mfuko wa mzazi, na vyote huweza kuchelewa. Tena, muhula ukiisha, hufunga virago akaenda kwao.

Hebu piga hesabu. Vyumba sita vya Sh6,000 kila kimoja vitakupa Sh36,000 kwa mwezi, yaani Sh432,000 kwa mwaka. Vikikaa vitupu miezi minne ya likizo, umepoteza Sh144,000. Na mkopo wa benki hauendi likizo!

Ufanyeje basi? Kwanza, elewaneni mapema, tena kwa maandishi. Mnaweza kukubaliana mwanafunzi alipe nusu ya kodi wakati wa likizo na kuacha vitu vyake ndani. Hasara yako itapungua, naye hatahangaika kutafuta chumba upya.

Pili, mhusishe mzazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huenda hajatimiza miaka 18, hivyo ni heri mzazi ndiye atie sahihi.

Tatu, weka akiba. Machi 2020 vyuo vilifungwa ghafla kwa sababu ya korona, na kati ya Septemba na Novemba 2025 mgomo wa wahadhiri ulikwamisha masomo katika vyuo vikuu vya umma.

Nne, usisahau ushuru. Tangu Januari 2024, mapato ya nyumba za makao yanayozidi Sh288,000 kwa mwaka, hadi Sh15 milioni, hutozwa asilimia 7.5 bila kuondoa gharama. Katika mfano wetu, hizo ni Sh2,700 kwa mwezi, za kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kodi ikichelewa, usikimbilie kufuli. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mpangaji wa mwezi hadi mwezi apewe ilani isiyopungua mwezi mmoja. Kijana aliyefungiwa vitabu ndani mkesha wa mtihani hatakusahau, na wenzake watapata habari kabla ya jua kutua.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kutoa pesa, kagua mlango, maji na taa za nje. Omba risiti kila unapolipa na uitunze. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo unamhusu mpangaji sawa na mwenye nyumba.